Uso wa Mkwe na Paka wa Ikupa

Mimi kusamehe sikujui, na nisiambiwe nimezeeka sasa nijifunze. Ukinikosea, jihadhari. Ndivyo alivyonilea marehemu mama yangu pale Iringa, na ndivyo nitakavyozikwa. Kwa hiyo nikikusimulia habari za Ikupa, mpangaji wangu, usitegemee kusikia habari za mwanamke mpole aliyemwachia Mungu. Kumwachia alimwachia, ni kweli, lakini alibaki pembeni akimwangalia, asije akasahau.

Naitwa Mwanakhamisi. Mume wangu Othmani alikuwa dereva wa lori, Iringa kwenda Mbeya, Mbeya kurudi Iringa, na nyumba yetu ilikuwa Mbeya, upande wa kwendea Mwanjelwa. Vyumba sita, ukumbi katikati, jiko na choo uani. Ikupa alipanga chumba cha nyuma mwaka 1949. Alikuja na sanduku la bati, mkeka mmoja na mdomo uliofungwa. Mwezi mzima sikusikia kwake zaidi ya shikamoo na ahsante. Mwezi wa pili nikamkuta uani anapasua kuni, na kila akishusha shoka anataja jina la mtu. "Asukile!" Pa! "Asukile!" Pa!

Nikamwambia, "Mwenzangu, huyo Asukile kama ni gogo amekwisha kupasuka zamani. Ni nani?"

Akaweka shoka chini akanieleza.

Asukile alikuwa baba mkwe wake, mzee wa Kinyakyusa huko Rungwe. Sisi watu wenye asili ya pwani mkwe tunamheshimu, unajitanda kanga, unashusha sauti, basi. Kwao ni zaidi. Mke wa mtoto hamwoni kabisa baba mkwe, wala mzee hamwoni yeye. Wakikaribia kukutana njiani, mwanamke anaingia migombani, anajifunika na kugeuza mgongo mpaka mzee apite. Hata jina lake halitaji. Ndipo nilipoelewa kwamba kila pigo la shoka lilikuwa tusi.

Masika ya mwaka 1948 mume wake, Saulo, alishikwa na homa. Siku ya tatu, mchana, akaanza kuweweseka. Ikupa akatoka mbio kutafuta mtu wa kumsaidia kumbeba mpaka zahanati ya misheni, na kwenye kona ya njia akakutana uso kwa uso na mkwe wake. Angeweza kuingia migombani. Hakuingia. Alisimama, akamtazama machoni, akamwambia, "Tata," maana yake baba, "Saulo anakufa. Nisaidie kumbeba."

Unajua mzee alifanya nini? Alijifunika uso kwa shuka lake, akageuka, akaenda zake kutafuta wa kumtakasa. Mwanawe yuko kitandani anakata roho! Saulo alikufa kabla ya jua kuzama. Matanga yalipokwisha, Asukile akaita wazee wenzake wawili, wakakaa, wakaamua kwamba macho ya Ikupa ndiyo yaliyomwua Saulo. Aliyemwona mkwe ameua, na muuaji halei mtoto. Wakamnyang'anya Atupele, binti yake wa miaka saba, wakamfukuza hata jembe asichukue.

Nilitaka kupanda basi siku ile ile, nikamwone huyo mzee, nimpe na uso wangu autazame mpaka ashibe.

"Utamfanya nini?" nikamwuliza.

"Nitamlipa," akasema. "Lakini sitaki afe. Akifa ataniponyoka."

Nikampenda tangu siku hiyo.

Ikupa alipata kazi kwa Mzungu mmoja mpima ardhi, tuliyemwita Bwana Ramani kwa sababu ya makaratasi yake. Mke wake, Memsahibu, hakuwa na mtoto. Alikuwa na paka dume mwekundu, mnene, jina lake Jinja. Mwaka 1953 yule paka akaanza kukonda huku anakula kama mtu wa shamba, na maji anakunywa mpaka sahani inakauka. Memsahibu akasema ni minyoo. Mpishi akasema amerogwa. Ikupa alikuwa anapiga deki veranda, akaona pale paka alipokojoa sisimizi wamejaa tele, wamepanga mstari kama mbele ya sukari iliyomwagika. Akaenda akamwonyesha Memsahibu.

Memsahibu akamwita Bwana Mifugo, yule daktari wa wanyama wa serikali. Akaja na msaidizi wake, Bwana Jailos, mtu wa Nyasa, mwembamba, kaptula imepigwa pasi mpaka inakata. Wakachukua mkojo, wakautia matone manane katika kichupa kirefu chenye dawa ya bluu, wakachemsha. Dawa ikageuka nyekundu, rangi ya tofali.

"Nani aliyewaona sisimizi?" Bwana Mifugo akauliza.

Memsahibu akamnyooshea kidole Ikupa. Bwana Mifugo akasema basi huyu ndiye atakayemwuguza, maana ana macho. Ikupa alinihadithia jioni ile, akacheka kwa mara ya kwanza nyumbani kwangu. "Macho haya haya, Bi Mwana! Kule yameua, huku yanatibu."

Mwaka uliofuata Bwana Ramani na mkewe wakaenda likizo Ulaya, wakahamishwa moja kwa moja nchi nyingine. Memsahibu akaandika kwamba Jinja abaki kwa Ikupa, na dawa zake zitoke kwa Bwana Mifugo. Hivyo ndivyo paka wa Kizungu alivyohamia nyumbani kwangu, kwenye chumba cha nyuma. Watu wa mtaa walikuja kutazama. Paka anachomwa sindano! Wengine walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi nilisimama mlangoni nikawaambia anayetaka kucheka akacheke kwake.

Lakini kazi yake ilikuwa kazi hasa. Asubuhi Ikupa anachemsha bomba la kioo na sindano kwenye sufuria ndogo ambayo haigusi mboga. Chupa ya dawa, iliyokuja na lori la Othmani kutoka Iringa, anaitunza ndani ya mtungi wa maji ubaridini, ameining'iniza kwa uzi isilowe. Kupata mkojo wa paka si mchezo, anaufukia. Ikupa akaokota kokoto mtoni, akaziosha, akazitandaza kwenye sinia la bati. Jinja akikojoa, mkojo unachuruzika chini ya kokoto, yeye anafukua, anafukua, hafukii kitu. Bwana Jailos alipoliona sinia lile alivua kofia.

Na kwa kuwa Ikupa hakujua kuandika, alitunga shanga. Kila siku dawa ikichemka, anatia ushanga mmoja kwenye uzi kwa rangi iliyotoka: bluu kama hakuna sukari, kijani kama ipo kidogo, njano kama imezidi, nyekundu kama ni mbaya. Jumamosi Bwana Jailos anakuja, anaupitisha uzi vidoleni kama tasbihi, anausoma, kisha anasema, "Bwana Mifugo ataongeza kidogo," au "Tubaki hapa hapa." Mwezi wa tatu uzi ulikuwa kijani na bluu mtupu, na Jinja amerudi kuwa na mashavu.

Sasa niseme na kosa langu, nisije nikaonekana nasema ya wenzangu tu. Panya walikuwa wamenitobolea gunia la mchele. Nikajiambia, huyu paka anayekula maini mara mbili kwa siku, panya atamtaka wa nini? Kila mtu anajua paka akishiba hakamati. Siku hiyo Ikupa alimchoma sindano, akamwekea chakula, akaenda Mbalizi sokoni. Mimi nikaiondoa sahani, nikamfungia Jinja stoo na panya wake.

Aliporudi adhuhuri tulimkuta Jinja amelala ubavu, miguu inapiga, povu mdomoni. Mimi nikaanza kusoma dua, nilidhani ni shetani. Ikupa hakupiga kelele. Alichukua asali, akaichota kwa kidole, akampaka ndani ya shavu na kwenye fizi, akarudia, akarudia. Muda si muda Jinja akainua kichwa, akanitazama mimi. Wallahi alinijua.

Jumamosi Bwana Jailos alinisema kama mtoto. "Bi Mwanakhamisi, dawa hii kazi yake ni kula sukari mwilini. Mwenye kuchomwa asipokula, inamla yeye mwenyewe. Akianguka, asali upesi, la sivyo anakufa." Nilikuwa na haya.

Ikafika mwaka 1956. Siku moja Bwana Jailos akaingia uani na mzee mmoja mwenye koti zito na fimbo. Mzee akasema anaitwa Alinanuswe, ametoka Rungwe, na ndugu yake amelala hospitali, amekonda, anakunywa maji kutwa. Ameambiwa ana ugonjwa wa sukari, achomwe sindano kila asubuhi maisha yake yote. Hospitali imejaa, hawezi kukaa kule, na kijijini hakuna anayejua sindano. Mhudumu mmoja akamwambia kuna mama mjini anamchoma paka.

Ikupa akatoka chumbani na sinia la kokoto mkononi. Yule mzee akamwona, akarudi nyuma hatua moja. Alikuwa mmoja wa wale wawili walioamua.

"Ndugu yako ni nani?" Ikupa akauliza, na alikwisha kujua.

"Asukile," mzee akasema, kidogo kidogo.

Moyo wangu uliruka kwa furaha, sifichi. Nikasema kwa sauti, "Alhamdulillahi!"

Ikupa akaweka sinia chini taratibu. "Baba, mimi nilifukuzwa kwa kumwona mkwe. Sasa mnataka nimshike paja nimchome? Hapana. Mimi namwogopa mkwe wangu kama mila inavyosema. Mleteni Atupele. Mjukuu na babu hawaonani haya. Nitamfundisha, yeye atamchoma."

Hawakuwa na njia nyingine. Baada ya wiki mbili walimleta mzee, na nyuma yake binti wa miaka kumi na mitano, mrefu, amejifunga kitambaa kichwani, hamtambui mama yake. Walitazamana. Atupele alisema shikamoo kama anavyomwambia mgeni. Ikupa akaitika marahaba, akaingia jikoni, akalia ndani ya moshi ili isemwe ni moshi.

Mzee nilimpa chumba mimi mwenyewe. Nilichagua kile kinachotazama choo. Mkeka ulitundikwa katikati ya uani, huku Ikupa, kule Asukile, na kila asubuhi sauti ya Ikupa inatoka upande wake ikimfundisha mtoto: vuta, toa hewa, shika ngozi, ingiza. Jinja kwanza, kwa mfano. Mzee baadaye. Asukile alilalamika siku moja kwamba haiwezekani paka aanze. Nikamjibu mimi, maana mimi si mkwe wake, "Mzee, paka ni mwenyeji hapa." Nyuzi mbili za shanga zikaning'inia pamoja ukutani, na wa paka ulikuwa mzuri kuliko wake.

Usiku nilimnong'oneza Ikupa, "Mwambie mtoto amtilie maji badala ya dawa." Akanitazama vibaya mpaka nikaondoka.

Mtoto na mama walianza kuzoeana, kwa sindano ile ile. Mwezi wa tatu nikamsikia Atupele anamwita "mama" bila kukusudia. Siku hiyo hiyo Asukile akasema, kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya mkeka, kwamba mjukuu sasa amejua kazi, kwa hiyo wanarudi Rungwe. Kuna mtu wa Kyela ana ng'ombe wa mahari, ameshakubaliwa. Wazee wawili watakuja Ijumaa kuwachukua.

Ikupa alikwenda kwenye kuni. "Asukile!" Pa! Mpaka kuni za mwezi mzima zikaisha.

Ijumaa wazee walikuja, Alinanuswe na mwenzake. Atupele alimchoma babu yake sindano, akamwekea uji, kisha akatumwa Mwanjelwa kununua vitu vya safari. Asukile akakaa kwenye kigoda anazungumza habari za ng'ombe, amechangamka. Mimi niko jikoni nakaanga vitumbua, nikawaona kuku wangu wamekusanyika nyuma ya chumba chake. Nikaenda kutazama. Uji! Umemwagwa, bado una moto. Kumbe leo amesikia kwamba aliyeukoroga ni Ikupa, maana Atupele alikuwa anafunga mizigo, na mzee akaogopa sumu. Mtu aliyemfanyia mwenzake ubaya, kila bakuli huliona lina sumu.

Kabla sijasema kitu nikasikia kishindo. Asukile ameanguka toka kwenye kigoda. Jasho linamtiririka, mikono inatetemeka, anasema maneno yasiyo na mwisho, halafu hasemi tena. Wale wazee wakapiga kelele, wakamshika kichwa, wakamwagia maji.

Ikupa akajitokeza pembeni ya mkeka, amegeuza mgongo kama mila inavyotaka. Mkononi ana kikombe cha asali.

"Amekula?" akaniuliza.

"Kuku wamekula," nikasema.

Alinanuswe akanigeukia. "Mama, wewe si mkwe wake. Saidia!"

"Mimi?" nikasema. "Mikono yangu inajua vitumbua tu. Paka nusura nimwue, waulizeni watu."

"Ikupa, fanya kitu!" akalia yule mwenzake.

"Nifanye nini, baba?" Ikupa akasema, mgongo bado umegeuka, sauti baridi. "Mkwe haonwi. Nilimwona mara moja, mkasema nimeua mtu. Mliamua nyinyi, nyinyi wawili. Nikigeuka sasa, nitaua nani tena?"

Mzee alianza kukoroma. Nami, niliyekuwa nimeingoja siku hiyo miaka saba, nikaanza kuogopa. Ikupa alikibana kile kikombe, asali inamwagikia vidole, lakini hakugeuka.

"Semeni," akawaambia. "Semeni kwa midomo yenu, Bi Mwana asikie, majirani wasikie. Semeni: 'Ikupa, mwone.'"

Wakatazamana. Alinanuswe akapiga magoti, koti lake zito limegusa vumbi. "Ikupa, mwone. Mwone, mwanangu, mwone upesi!"

Ikupa akageuka. Akaupita mkeka, akamlaza mzee ubavu, akatia kidole chenye asali ndani ya shavu lake na kusugua fizi, akachota tena, akasugua tena, kama nilivyomwona akimfanyia Jinja. Hakuondoa macho usoni kwake hata kidogo. Alimtazama kama mtu anayesoma barua iliyochelewa.

Asukile akafumbua macho. Kitu cha kwanza alichokiona ni uso wa mke wa mwanawe, shibiri moja na wake, na kidole chake kiko mdomoni mwake. Akainua mkono atafute shuka ajifunike. Ikupa akaushika ule mkono, akaurudisha chini.

"Nimekuona, Asukile," akasema, na jina akalitaja, mbele ya wazee. "Nimekuona vizuri, na wewe umeniona. Sasa tukae hapa, sote, tungoje tuone atakufa nani."

Na walikaa, wallahi! Yeye na wazee wawili na mgonjwa wao, uani kwangu, mpaka alasiri. Mimi niliwaletea vitumbua na chai, nikawahesabu kila nikipita, kwa sauti. Hakufa mtu. Hata kuku hakufa. Atupele akarudi kutoka Mwanjelwa akakuta hivyo, akaelezwa na mimi, bila kupunguza neno. Akaenda akakaa karibu na mama yake.

Jioni Alinanuswe akasimama, akajikung'uta koti. Akasema kama macho ya Ikupa hayaui, basi hayakuua, na kama hakuua, mtoto ni wake. Walipanda basi peke yao. Habari za ng'ombe wa Kyela hazikutajwa tena.

Asukile hakurudi Rungwe. Angerudi na nani? Alibaki kwenye chumba kinachotazama choo, anachomwa na mjukuu wake, anakula uji mbele yetu mpaka tuone bakuli tupu. Na Ikupa, unadhani aliridhika? Hakuridhika. Kila asubuhi, baada ya sindano, alimtuma Atupele na swali moja. "Babu, mama anauliza, leo amekufa nani?" Mzee hajibu. Kesho yake tena. Masika, kiangazi, masika. "Mama anauliza, leo amekufa nani?" Mimi nilikuwa naacha hata vitumbua viungue ili nisikilize.

Jinja alikufa mwaka 1958, kwa uzee, juani. Bwana Jailos alikuja kutoa pole, akaomba apewe ule uzi wa shanga akauhifadhi ofisini. Wa mzee ukabaki peke yake ukutani.

Siku chache baadaye Atupele alipeleka swali kama kawaida. Nilikuwa mlangoni kwangu, nikaona mzee ameinua kichwa. Alijibu kwa sauti nzito ya mtu ambaye koo lake limekaa muda mrefu bila kazi.

"Mwambie mama yako ni Saulo. Aliyekufa ni Saulo. Nilijifunika uso, mwanangu akafa."

Ikupa alikuwa ng'ambo, anachemsha sindano. Alisikia. Alisimama vile vile, mkono uko juu ya sufuria, mpaka maji yakakauka na bomba la kioo likapasuka.

Asubuhi iliyofuata hakumtuma mtoto na swali. Alipeleka uji mwenyewe, akauweka mbele ya mzee, akakaa mpaka akaumaliza.

Mimi ningeendelea kuuliza.